Grisi, gundi, nati ya naironi au washa ya springi: kipi kizuie bolti ya baiskeli isilegee?

Bolti ya chini ya keria yangu, upande wa kulia, ilidondoka mara tatu. Mara ya kwanza nilinunua nyingine nikaifunga basi. Mara ya pili niliongeza washa ya springi, ile iliyokatwa mahali pamoja na kupindwa kidogo, nikaamini kazi imekwisha. Mara ya tatu keria ililala upande, mguu wake ukaingia kwenye spoki, na kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimeshapunguza mwendo. Niliposhuka kukagua, nilikuta rangi nene ya fremu iliyokuwa chini ya kichwa cha bolti imesagika ikawa unga. Ile washa ya springi nayo haikuwa imezuia chochote.

Tangu siku hiyo, kila kinacholegea kwenye baiskeli nakiuliza maswali mawili kabla sijashika spana: kinalegea kwa nini, na nitakifungua tena mara ngapi? Watu wengi huanzia kwenye chupa ya gundi. Mimi nasema gundi ni ya tatu au ya nne kwenye foleni, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu ukielewa kinachoishika bolti mahali pake, kuchagua kunakuwa rahisi.

Bolti ni springi

Bolti iliyokazwa vizuri imevutika. Jicho halioni, lakini chuma kimerefuka kidogo mno na kinataka kurudi urefu wake wa awali. Huko kutaka kurudi ndiko kunakovibana vipande viwili pamoja, na msuguano unaotokana na kubanwa huko ndio unaoizuia nati isizunguke. Mkazo huo ukiisha, bolti inabaki imening'inia tu ndani ya tundu ikisubiri kutikiswa.

Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwamba mtikisiko unaofungua bolti upesi zaidi ni ule wa ubavuni, unaotelezesha kipande kimoja juu ya kingine kwa kukata njia ya bolti. Mvutano wa kufuata urefu wa bolti si hatari kiasi hicho. Aliyewahi kung'oa kigingi ardhini anaijua siri hii. Ukikivuta wima kinagoma. Ukikiyumbisha huku na huku huku unavuta, kinatoka chenyewe, kwa sababu msuguano ukishashindwa upande mmoja hauna tena nguvu ya kuzuia upande mwingine. Hesi za bolti ni mteremko uliozungushiwa nguzo. Kila vipande vinapoteleza, hata kwa nukta moja, bolti inateremka hatua ndogo kwenye mteremko huo.

Keria iliyobeba mzigo inafanya hivyohivyo: inayumba kulia na kushoto kila pedeli inapokanyagwa. Na bolti zake ni fupi. Bolti ndefu ina nafasi ya kuvutika, kwa hiyo rangi ikisagika kidogo chini ya kichwa chake bado inabaki na mkazo. Bolti ya milimita 5 inayobana bati la milimita tatu haina akiba hiyo. Sehemu chache za mia za milimita zikipotea, mkazo wote umekwenda. Ndiyo maana kwenye baiskeli zinazosumbua ni zilezile fupi: za keria, za madigadi, za kishikio cha chupa, za diski ya breki. Bolti ndefu zilizokazwa sawasawa zinakaa miaka.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha dawa yoyote, kwangua rangi iliyo chini ya kichwa cha bolti mpaka chuma kigusane na chuma, paka grisi kidogo mahali hapo pasipate kutu, kisha kaza. Toa pia vipande vya mpira au plastiki vilivyowekwa "ili visitikisike". Mpira unabonyea leo, kesho unaendelea kubonyea polepole, na mkazo unaondoka nao. Halafu, baada ya safari mbili tatu za kwanza, pita tena na spana. Bolti nyingi zinazosemwa zina tabia mbaya zilikuwa zinahitaji kukazwa mara hiyo ya pili tu.

Grisi au kukavu?

Hapa ndipo ninapobishana na watu zaidi. Inaonekana kama kitu cha kuteleza hakiwezi kuzuia kitu kisiteleze. Lakini angalia nguvu ya mkono wako inakwenda wapi unapokaza bolti kavu: karibu nusu inaliwa na msuguano chini ya kichwa, karibu asilimia 40 inaliwa na msuguano ndani ya hesi, na kinachobaki kuivuta bolti ni kama asilimia 10. Hesi zikiwa kavu, chafu au na kutu, hata hiyo asilimia 10 inapungua. Mkono unakwambia "imekaza", kumbe bolti haijavutika kitu. Ukipaka grisi, mkono uleule unaipa bolti mkazo zaidi, na mkazo ndio ufungio wenyewe.

Grisi inashinda pia kwa jambo la pili, nalo ni siku ya kufungua. Chuma kilichofungwa ndani ya alumini kikapigwa na maji ya chumvi au jasho hushikamana kama kimelehemiwa. Nguzo ya kiti, pedeli, shingo ya usukani: hizi ukizifunga kavu, miaka miwili baadaye hutafuti tena namna ya kuzuia zisilegee, unatafuta namna ya kuzitoa.

Tahadhari yake ni hiyohiyo faida yake. Kwa kuwa grisi inaongeza mkazo, usizidishe nguvu. Bolti za kubana usukani kwa kawaida zinataka nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 4 hadi 6, na mara nyingi namba imeandikwa palepale. Kishikio cha chupa kinatosheka na 2 au 3. Pedeli zinataka 35 hadi 55, na bolti ya krenki (ule mkono unaobeba pedeli) ya kichwa cha mraba iko karibu na hapo. Kama huna spana yenye kipimo, pata hisia hivi: nyutoni-mita 40 ni sawa na kuning'iniza kilo 16 kwenye spana kwa umbali wa sentimita 25 kutoka kwenye bolti. Watu wengi hukaza krenki kwa chini ya nusu ya hapo, kisha wanazikaza bolti ndogo za usukani mara mbili ya zinavyotaka. Kwa bolti ndogo shika spana ya aleni karibu na kona yake, vidole viwili na gumba, na hutakata hesi.

Mahali ambapo grisi haifai kabisa ni kwenye kaboni inayobanwa. Nguzo ya kiti au usukani wa kaboni haikazwi kwa nguvu kubwa, kwa hiyo inahitaji ile pasta yenye chembe ndogo kama mchanga, inayoongeza msuguano bila kuongeza nguvu. Na skrubu za kurekebisha, kama zile mbili ndogo za kibadilishia gia zinazoweka mipaka yake, grisi haizishiki, kwa sababu hazikazwi mwisho. Zinasimama katikati ya hesi bila mkazo wowote. Zinataka kitu kingine.

Gundi ya hesi

Gundi hii ni kazi ya Vernon Krieble, profesa wa kemia wa Hartford, Marekani, mwaka 1953, na jina la Loctite limekuwa jina la gundi yenyewe midomoni mwa mafundi wengi. Ujanja wake ni kwamba hukaa majimaji ikiwa inapata hewa, na hukauka pale inaponyimwa hewa ikiwa imegusana na chuma. Ndiyo maana chupa yake haijazwi mpaka juu. Hewa iliyobaki ndani ndiyo inayoitunza. Ndiyo maana pia tone lililomwagika juu ya meza halikauki.

Ikiwa bado mbichi, gundi hii inateleza karibu kama grisi, kwa hiyo haikunyimi mkazo. Ikishakauka inajaza nafasi ndogo kati ya hesi na hesi, na hapo inazuia ule mwendo wa ubavuni ndani ya hesi. Kwa bolti fupi ninazozilalamikia, ambazo haziwezi kutunza mkazo, sijaona dawa bora kuliko hii.

Swali ni rangi ipi. Katika mpangilio wa Loctite, ambao wengine wengi wameuiga, zambarau, namba 222, ni dhaifu na imekusudiwa skrubu ndogo. Bluu, 242 au 243, ni ya kati na inafunguliwa kwa spana ya kawaida. Nyekundu, 271, ni ya kufunga na kusahau. Kijani, 290, ni nyepesi kama maji na hupenya yenyewe kwenye hesi ambazo tayari zimefungwa. Lakini usinunue kwa rangi peke yake, soma namba. Kijani ya mfululizo wa 600 ni kitu kingine kabisa: ni gundi ya kukamatisha beringi na mirija, na ukiiweka kwenye bolti ya baiskeli utajuta.

Kwa baiskeli, bluu inatosha karibu kila mahali. Kati ya 242 na 243 nachagua 243, kwa sababu inavumilia mafuta kidogo kwenye hesi, na hesi za baiskeli huwa hazikosi mafuta. Zambarau naiweka kwenye bolti za milimita 4 kushuka chini na zile skrubu za kibadilishia gia. Kijani ya 290 inafaa pale ambapo kufungua kutaharibu urekebishaji: unadondosha tone juu, linazama.

Nyekundu sina mahali pa kuiweka kwenye baiskeli. Niliwahi kukabidhiwa gurudumu ambalo mtu alifunga bolti sita za diski kwa nyekundu. Bolti hizo zina kichwa cha nyota, kidogo, cha T25, na kinahimili kiasi chake tu. Mbili zilitoka, nne zikalika vichwa, ikabidi kuzitoboa. Nyekundu inataka joto la karibu nyuzi 250 ili iachie, na joto hilo kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, yenye beringi, sili na grisi si jambo la mchezo. Ukijikuta hapo, weka ncha ya chuma cha kulehemu moja kwa moja ndani ya kichwa cha bolti kwa dakika chache. Joto linakwenda kwenye bolti bila kuchoma jirani zake. Moto wa wazi usiukaribishe kwenye fremu yenye rangi, na kwenye kaboni usiufikirie kabisa.

Makosa yanayoifanya bluu ionekane haifai ni machache na yanajirudia. La kwanza ni uchafu: hesi hazikusafishwa, gundi ikashika vumbi. La pili ni haraka. Baada ya robo saa hivi inaonekana imeshika, lakini nguvu yake kamili inakuja baada ya saa 24, na kwenye chuma kisichoshika kutu au alumini iliyotiwa rangi ya kiwandani inachelewa zaidi. La tatu ndilo kubwa: mtu anapita kesho yake na spana "kuongeza kidogo". Gundi iliyokauka ukiizungusha imevunjika. Inabaki na ukinzani kidogo, lakini kazi yake imekwisha. Ukihitaji kuigusa, ifungue yote, ipige brashi, weka tone jipya.

Tena, usiiache igusane na plastiki. Aina nyingi za plastiki ngumu zinazotumika kwenye taa, vifuniko na vishikio vya simu hupata nyufa zikiguswa na gundi hii. Na unapofunga diski ya breki weka tone kwenye hesi za ndani tu, futa kilichozidi, kwa sababu tone moja kwenye uso wa diski linaharibu vitambaa vya breki.

Nati yenye pete ya naironi

Pale ambapo bolti inatokeza upande wa pili, siitumii gundi. Natumia nati ya naironi, ile yenye pete nyeupe au ya rangi ya samawati juu. Pete hiyo haina hesi. Bolti inajikatia njia yake na naironi inaikumbatia.

Naomba ieleweke vizuri inachofanya na isichofanya. Haitunzi mkazo. Bolti ikilegea kwa sababu ya rangi kusagika, nati ya naironi italegea vilevile, ila haitadondoka. Itabaki kwenye bolti ikipiga kelele, na kelele hiyo ndiyo ujumbe wako. Kwa keria na madigadi tofauti hii ni kubwa: keria iliyolegea inakera, keria iliyoachia mguu mmoja inaweza kukuangusha.

Ukilinganisha na bluu, nati ya naironi haihitaji usafi mkubwa, haina saa za kusubiri, na unaweza kuikaza tena bila kuharibu kitu. Inahitaji tu bolti ndefu ya kutosha: hesi moja au mbili lazima zionekane juu ya pete. Bolti ikiishia ndani ya pete, umefunga nati ya kawaida. Na ina umri. Siku utakapoizungusha kwa vidole mpaka mwisho bila kusikia ukinzani, itupe.

Hivi ndivyo nilivyoimaliza ile bolti ya keria. Nilikwangua rangi, nikachukua bolti ndefu zaidi iliyopita kwenye tundu lenye hesi la fremu na kutokeza ndani, nikafunga nati ya naironi upande wa ndani. Sasa bolti inashikwa na hesi za fremu na nati pia, na ile nati inabana fremu yenyewe bila kujali keria inayumba vipi. Kabla hujafanya hivyo upande wa kulia, weka mnyororo kwenye gia ndogo kabisa na uzungushe krenki kwa mkono. Nafasi ni finyu, na nati ikigusa mnyororo utalazimika kutumia nati nyembamba au kukata ncha ya bolti. Miaka imepita na sijaigusa tena zaidi ya kuikagua.

Washa: ipi inafanya kazi

Washa ya springi iliyokatwa ndiyo inayopatikana kila mahali, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Inalala bapa kabla bolti haijafikia mkazo wake. Ikishalala, ni washa ya kawaida yenye ufa. Mwongozo wa NASA wa mwaka 1990 kuhusu vifungio uliandika wazi kwamba haina faida ya kufunga, na vipimo vya mtikisiko wa ubavuni vinasema hivyohivyo. Ninaiondoa ninapoikuta, naweka washa bapa ngumu au sifuri kabisa.

Washa yenye meno madogo kuzunguka ukingo ina maana zaidi, kwa sharti kwamba meno yake yanauma kitu: chuma laini au alumini isiyo na rangi. Inaacha makovu, kwa hiyo si ya kufungua kila wiki. Jamaa yake wa karibu ni nati ya ekseli yenye meno chini yake, na hiyo ni nzuri kweli, kwani inakamata fremu na kuizuia gurudumu isivutwe na mnyororo.

Kuna pia washa za jozi zenye ngazi ndogo ndani, kama zile za Nord-Lock. Ngazi zake zina mwinuko mkali kuliko mwinuko wa hesi, kwa hiyo bolti ikijaribu kurudi nyuma inalazimika kwanza kupanda, yaani kujivuta zaidi. Miongoni mwa vifaa vyote nilivyovitaja, hiki ndicho kinachotunza mkazo chenyewe, bila gundi wala naironi, na kinatumika tena na tena. Kwenye baiskeli ya kawaida sioni haja yake. Mtu mwenye keria ya mizigo mizito anayefungua na kufunga mara kwa mara ndiye atakayeifurahia.

Nati mbili zinazokabana

Njia hii ya kale haina mshindani mahali pamoja: penye beringi inayorekebishwa. Kwenye habu ya gololi, koni, yaani nati inayoegemea gololi, lazima isimame pale unapotaka, isibane gololi wala isiyumbe, na haiwezi kukazwa mpaka mwisho. Kwa hiyo unaishikilia koni kwa spana nyembamba na kuikaza nati ya nje dhidi yake. Nati hizo mbili zinasukumana, hesi zinavutwa pande mbili tofauti, na zote mbili zinaganda.

Gundi hapa ni kosa, maana majimaji yake yanaweza kuingia kwenye gololi. Kinachohitajika ni subira. Ukikaza nati ya nje, koni husogea kidogo na beringi inabana, kwa hiyo acha mchezo mdogo mno kabla, kaza, pima, rudia. Mimi hurudia mara tatu au nne na sioni haya. Habu inayolegea kila mwezi kwa kawaida ilikazwa kwa spana moja tu, bila kuishika koni.

Sehemu zilizofungwa na mwelekeo wake

Pedeli ya kushoto ina hesi za kinyume. Orville na Wilbur Wright, kabla ya kuruka na ndege, walikuwa na duka la baiskeli Dayton, Ohio, na mwaka 1900 walitangaza pedeli zisizojifungua, upande mmoja hesi za kulia, upande mwingine za kushoto. Inashangaza kwa sababu ukifikiria msuguano wa beringi, utaona kana kwamba ungezifungua pedeli. Kinachotawala ni kitu kingine. Shika kalamu kwa ngumi iliyolegea, uzungushe ncha yake kwenye duara kwa mkono mwingine: kalamu yenyewe itajizungusha taratibu upande wa kinyume. Ekseli ya pedeli inafanya hivyo ndani ya tundu la krenki, na hesi zimepangwa ili mzunguko huo ukaze.

Kwa hiyo gundi kwenye pedeli sipendekezi. Grisi nyingi, nguvu ya kutosha, basi. Pedeli inayojifungua ilifungwa kwa nguvu ndogo, au hesi za krenki zimeliwa, na gundi haitarudisha chuma kilichoondoka.

Beringi ya katikati, pale ekseli ya krenki inapopita, inafuata kanuni ileile kwenye fremu nyingi: kikombe cha kulia kina hesi za kushoto. Lakini kipimo cha Kiitaliano, cha milimita 36, kina hesi za kulia pande zote mbili, na kikombe chake cha kulia kina sifa ya kujifungua. Hapo, na hapo tu kati ya sehemu hizi kubwa, bluu nailetea kwa moyo mmoja, juu ya kukaza kwa nguvu.

Krenki ya kushoto ya kichwa cha mraba inastahili neno la peke yake. Ikianza kulegea, shuka. Kila kilomita unayoiendesha ikiwa imelegea, ekseli ya chuma inakanda tundu la alumini mpaka mraba unakuwa duara, na tundu likishaharibika, hata ukaze vipi itarudi kulegea. Gundi kwenye bolti yake haiponyi tundu. Krenki hiyo inabadilishwa.

Vya nyumbani, na spoki

Rangi ya kucha inazuia skrubu ndogo isizunguke, na kwa kengele au taa inatosha. Gundi kali ya papo hapo inashika lakini ni kavu na inavunjika kama kioo ikitikiswa, tena inaganda kabla hujamaliza kukaza. Ule utepe mweupe wa mafundi bomba hauzuii kitu: kazi yake ni kuziba maji, na unateleza.

Spoki ndizo zimenifanya niheshimu mafuta ya kitani. Gurudumu lililosukwa vizuri, spoki zikiwa na mkazo wa juu na sawa pande zote, halihitaji gundi. Nipeli (ile nati ndogo ya spoki kwenye rimu) inayojifungua ni ya spoki inayolegea kabisa kila tairi inapopita juu ya ardhi, kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuongeza mkazo. Upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma, ambako spoki huwa na mkazo mdogo, mafuta ya kitani yanasaidia: yanateleza wakati wa kusuka, kisha yanaganda polepole kwa siku kadhaa kuwa kama utomvu, na bado spana itaizungusha nipeli mwaka mwingine. Bluu hapo inakufanya upigane na kila nipeli siku ya kunyoosha rimu. Ila kitambaa ulichofutia mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa kwenye pipa. Yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kwenye hewa mpaka kikauke kiwe kigumu, au kitie kwenye kopo la maji lenye kifuniko.